Zamu ya Kwanza na Zamu ya 36: Kisa cha Drafti ya AFL ya 2001

Tarehe 25 Novemba 2001 klabu za AFL, ambayo ndiyo ligi kuu ya mpira wa Kanuni za Australia, ziligawana kwa zamu vijana waliokuwa wamemaliza msimu wao wa mwisho katika ngazi za chini. Hawthorn ya Melbourne ilianza kwa kumtaja Luke Hodge, St Kilda ikamchukua Luke Ball, na West Coast ya Perth ikafuata kwa Chris Judd. Tangu siku hiyo wapenzi wa mchezo huo wamebishana kama mpangilio ule ulikuwa sahihi au kama Judd alistahili kuitwa wa kwanza. Ubishi huo una utamu wake, lakini kwa anayetaka kujifunza namna ya kumpima kijana kabla ya drafti naona unampeleka pembeni, kwa sababu unauliza nani alikuwa bora kana kwamba ubora ulikuwa umekwisha kukamilika siku ile. Swali lenye faida zaidi ni namna kila klabu ilivyozisoma kasoro za vijana hao: kasoro ipi ingepona, ipi ingebaki maisha yote, na ipi ingebaki huku mwenyewe akiwa ameshajifunza kucheza nayo bila kuumizwa nayo.

Kwa msomaji aliyezoea soka, inatosha kusema kwamba kila timu huwa na wachezaji 18 katika uwanja mkubwa wenye umbo la yai, kwamba mpira huchezwa kwa mikono na miguu, na kwamba kuupitisha kwa teke kati ya nguzo mbili za katikati huleta pointi 6 na pembeni yake pointi 1. Hakuna kuotea, hivyo mchezaji anaweza kushambuliwa kutoka upande wowote wakati wowote, na hilo ndilo linaloufanya uamuzi wa haraka kuwa na thamani kuliko katika michezo mingi. Drafti yenyewe ilianzishwa mwaka 1986 ili klabu dhaifu zipate nafasi ya kujijenga, kwa kuwa timu iliyoshika mkia huchagua kabla ya wengine. Mwaka 2001 palikuwa na nyongeza: klabu iliyoshinda mechi tano au pungufu katika msimu ilipewa zamu moja zaidi kabla ya mzunguko wa kwanza kuanza. Fremantle ya Australia Magharibi, iliyoshinda mechi mbili tu kati ya 22, ilistahili zamu ya kwanza na ya nne, St Kilda ya pili na ya tano, na West Coast ya tatu na ya sita.

Fremantle haikuitumia zamu yake ya kwanza. Kabla ya drafti iliikabidhi Hawthorn zamu hiyo, pamoja na zamu ya 20 na ya 36, na kwa upande wake ikawapokea Trent Croad na Luke McPharlin. Tukiitazama kwa macho ya wakati ule, hoja yao ilikuwa na uzito. Croad alikuwa mchezaji mrefu, mwenye nguvu, aliyekwisha kuchaguliwa kwa zamu ya tatu katika drafti ya 1997 na kuthibitika katika timu ya Hawthorn iliyofika nusu fainali ya 2001, na McPharlin alikuwa mwenyeji wa Australia Magharibi ambaye angerudi nyumbani. Timu iliyopoteza mechi 20 ina mashabiki waliochoka, na kijana wa miaka 17 hawezi kuwatuliza msimu unaofuata. Lakini hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza la kitaaluma katika kisa hiki. Fremantle ilipima wachezaji iliowapokea kwa uangalifu, na haikupima kwa uangalifu uleule kile ilichokitoa, kwa sababu zamu ya drafti haina sura, haina jina na haina mkanda wa video wa kutazama. Zamu ya kwanza ilikuwa na mashabiki wake. Zamu ya 36 iliwekwa juu ya mizani kama kokoto la kusawazisha.

Maskauti wa Hawthorn, St Kilda na West Coast walikuwa na vyanzo karibu vilevile vya habari. Hodge alitoka Colac, mji mdogo wa magharibi mwa Victoria, na alichezea Geelong Falcons katika Kombe la TAC, ligi ya vijana wasiozidi miaka 18 ya jimbo hilo. Ball na Judd walicheza timu moja katika ligi hiyohiyo, Sandringham Dragons ya Melbourne, kwa hiyo skauti aliyekwenda kumtazama mmoja alirudi nyumbani akiwa na maelezo ya wote wawili. Vijana walioonekana kuwa tayari waliitwa pia katika kambi ya vipimo iliyofanyika Canberra, ambako walikimbizwa mita 20 kwa saa ya kielektroniki, wakakimbia kwenda na kurudi kwa kufuata mlio hadi pumzi iishe, wakaruka wima chini ya kipimo, wakapimwa mafuta ya chini ya ngozi, wakakaguliwa na madaktari na kuhojiwa na klabu moja baada ya nyingine.

Vipimo hivyo vina faida, na sikubaliani na wanaovidharau. Kijana asiye na pumzi ataonekana pale pale, hata kama katika ligi ya vijana alikuwa akijificha nyuma ya ukubwa wa mwili wake. Udhaifu wake ni kwamba vinapima vizuri sana kile ambacho ni rahisi kupimwa, na namba ikishaandikwa huwa na sauti kubwa mezani kuliko maneno ya mzee aliyemtazama kijana huyo akicheza kwenye matope kwa miezi mitatu. Sekunde za mita 20 hazisemi kama mchezaji alianza kukimbia kabla ya wenzake kwa sababu alijua mpira utaangukia wapi.

Lipo jambo jingine ambalo wasomaji wengi wa kisa hiki hulipita haraka, nalo ni umri. Judd alizaliwa Septemba 1983, Ball Mei 1984 na Hodge Juni 1984. Siku ya drafti Judd alikuwa na miaka 18, na wenzake wawili walikuwa na 17. Miezi tisa kati ya Judd na Hodge ni muda mfupi kwa watu wazima, lakini kwa vijana wa umri huo ni muda ambao mabega hupanuka, mapaja hushika misuli na ujasiri wa kusema na wakubwa hujengeka. Anayewalinganisha bila kuuweka umri mbele yake humpa mkubwa alama ambazo mdogo atazipata bila jitihada yoyote, kwa kusubiri tu. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoupa nguvu uamuzi wa Hawthorn kuliko jambo lolote jingine: mdogo kuliko wote watatu ndiye aliyekuwa tayari anacheza kama mkubwa.

Hodge hakuwa na kasi ya kustaajabisha. Alikuwa na mguu wa kushoto uliopeleka mpira mbali na mahali panapotakiwa, mwili uliopenda mgongano, na uwezo wa kusoma mchezo ambao baadaye ulimfanya awe mpangaji wa safu nzima ya nyuma. Mtu akitazama mechi zake za utu uzima aone kinachotokea kabla mpira haujafika: anamwelekeza kwa kidole mwenzake ahamie hatua tano kulia, anamsukuma mwingine mgongoni ili amfuate mpinzani aliyeachwa, kisha yeye mwenyewe anasogea mahali ambapo, sekunde mbili baadaye, teke la mpinzani linaangukia kifuani pake. Kipaji cha namna hiyo huonekana mapema kwa mwenye subira ya kumtazama kijana wakati mpira uko mbali naye, na ni wachache wanaofanya hivyo, kwa kuwa macho hufuata mpira.

Ball alikuwa chaguo lililoonekana salama: mpambanaji wa katikati ya uwanja, mwenye kuinama na kuuchukua mpira chini ya miguu ya watu, mwenye nidhamu na mwenye dalili za uongozi. Kasoro zake zilikuwa upungufu wa kasi ya kutoka kwenye msongamano na teke lisilofika mbali sana. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoonekana kubwa mwaka 2001, kwa sababu mpira wa wakati ule uliwaruhusu viungo wa aina yake kuupata mpira na kuwakabidhi wenye mbio.

Judd alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi. Mwamuzi anapoudundisha mpira katikati ya uwanja na warefu wawili wakarukiana kuugonga, viungo husimama kwa mkao wa kusubiri, miguu ikiwa karibu imetulia kabisa. Judd aliweza kutoka katika mkao huo hadi kasi yake kamili kwa hatua tatu au nne, mpira ukiwa mkononi, huku aliyekuwa akimlinda akibaki na kipande cha hewa alichotaka kukishika. Wachezaji wengi wana mbio wanapokimbia peke yao. Wachache wana mbio wanapokuwa wamebeba mpira na wanatafutwa, na miongoni mwa hao ni wachache zaidi wanaobaki na akili ya kuchagua wa kumpa. Judd alikuwa na vyote hivyo, na kila skauti aliyekaa kwenye mechi za Sandringham alikuwa akijua.

Kilichomrudisha hadi zamu ya tatu, kwa sehemu kubwa, ni bega. Alikuwa na historia ya matatizo ya bega iliyofikia upasuaji, na katika mchezo ambao mtu huangushwa kwa kukumbatiwa mikono mara kadhaa katika kila mechi, bega linaloteguka si jambo la kupuuzwa. Klabu iliyo na zamu ya kwanza huogopa zaidi kukosea hadharani kuliko kukosa kipaji, na hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa chaguo la kwanza likianguka litatajwa kila mwaka drafti inaporudi. Hata hivyo, bega ni kasoro ya aina yake. Ina picha za eksirei, ina daktari wa kuulizwa, ina upasuaji unaojulikana na muda wa kupona unaoweza kukadiriwa. Skauti anaweza kuiwekea mipaka. Hali hiyo haiwezekani kwa kijana asiyesoma mchezo au asiyependa mazoezi, kwa sababu hakuna daktari wa kumkabidhi.

West Coast ilikuwa katika hali ambayo huwasaidia watu kuamua kwa utulivu: ilikuwa na zamu ya tatu na ya sita, ilikuwa ikianza upya chini ya kocha mpya John Worsfold, na wawili waliokuwa mbele yake walikuwa tayari wameyabeba maamuzi magumu. Kumchukua Judd hapo hakukuwa ujasiri wa ajabu. Sifa ninayowapa ni kwamba hawakuliacha neno “bega” lifunike maneno mengine yote yaliyokuwa katika ripoti zao.

Hukumu ya watu ikaanza kubadilika kila baada ya miaka michache, na mabadiliko hayo yenyewe ni sehemu ya somo. Judd alitwaa Nishani ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2004, akiwa na miaka 21. Mwaka uliofuata alipewa Nishani ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali ingawa timu yake ilifungwa na Sydney kwa pointi 4, na mwaka 2006 akiwa nahodha aliinua kombe baada ya West Coast kuishinda Sydney kwa pointi 1. Wakati huo Hodge alikuwa akikua taratibu. Nafasi yake ya kwanza katika kikosi bora cha msimu aliipata mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa Hawthorn ilisimangwa kwa kumwacha Judd. Kisha ikafika fainali ya 2008. Hawthorn iliifunga Geelong kwa 115 dhidi ya 89, Hodge akacheza na mbavu zilizoumia na kutunukiwa Norm Smith. Kati ya 2013 na 2015 aliongoza timu hiyo kama nahodha kutwaa makombe matatu mfululizo, akaipata Norm Smith ya pili mwaka 2014, na alipostaafu alikuwa amecheza mechi 346. Judd, aliyeongeza Brownlow ya pili mwaka 2010 akiwa Carlton, alimaliza na mechi 279.

Ball naye asihesabiwe kuwa aliyeshindwa. Alikuwa nahodha wa St Kilda, akaingia kikosi bora cha msimu mwaka 2005, kisha majeraha na mabadiliko ya mtindo wa mchezo vikampunguzia nafasi. Mpira ulikuwa umekwenda kasi zaidi, na kasoro zile mbili ndogo za 2001 zikawa kubwa bila yeye kubadilika. Mwishoni mwa 2009 aliondoka, akapitia drafti kwa mara ya pili na kuchukuliwa na Collingwood kwa zamu ya 30, na mwaka 2010 akatwaa kombe kwa kuifunga St Kilda yenyewe katika fainali iliyorudiwa baada ya sare. Hapa pana jambo ambalo ripoti ya skauti mara nyingi hulisahau: kasoro hupimwa kwa mchezo wa leo, ilhali kijana atacheza mchezo wa miaka minane ijayo. Anayeandika “teke lake linatosha” aandike pia linatosha kwa mchezo wa namna gani.

Sasa nirudi kwa lile kokoto la kusawazisha. Zamu ya 36, iliyotoka Fremantle, Hawthorn iliitumia kumchukua Sam Mitchell. Alikuwa na miaka 19, drafti ya 2000 ilikuwa imempita bila klabu yoyote kumwita, na sababu iliyotajwa siku zote ilikuwa moja: ni mzito wa mbio. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Mitchell hakuwa na kasi akiwa na miaka 19, hakuwa nayo akiwa na 29, na hakuna mwalimu wa mazoezi aliyeweza kuitengeneza. Kwa kipimo cha mita 20 alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Lakini mwaka 2001 Mitchell alikuwa akichezea Box Hill, timu ya ligi ya Victoria iliyokuwa na ushirikiano na Hawthorn, pamoja na watu wazima na dhidi ya watu wazima, na msimu huo Box Hill ilitwaa ubingwa. Watu wa Hawthorn walikuwa na nafasi ambayo klabu nyingine hazikuwa nayo kwa kiwango hicho, ya kumwona wiki baada ya wiki akifanya kazi katika mazingira yanayofanana na yale ambayo angeyakuta juu. Walichokiona ni kijana anayeingia katika msongamano wa watu sita huku akijua tayari mpira utatokea upande gani, anayeuokota kwa mikono iliyo chini karibu na nyasi, na kuutoa kwa ngumi ya kulia au ya kushoto, kwa mguu wa kulia au wa kushoto, bila kuhitaji hatua ya kujiweka sawa. Mchezaji wa mguu mmoja akikabwa upande wake mzuri hulazimika kuzunguka, na kuzunguka kunahitaji kasi. Asiyehitaji kuzunguka hahitaji kasi hiyo. Mitchell alikuwa amejenga, kwa mazoezi ya miaka mingi, njia ya kuipita kasoro yake, na njia hiyo ilikuwa ikionekana kwa yeyote aliyetazama mikono na miguu yake badala ya saa.

Mwaka 2002 akashinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Victoria, mwaka 2003 akawa mchezaji bora chipukizi wa AFL, na mwaka 2008 ndiye aliyekuwa nahodha wa Hawthorn iliyotwaa kombe. Alitwaa makombe manne kwa jumla, na Brownlow ya 2012 alikabidhiwa pamoja na Trent Cotchin mwaka 2016, baada ya Jobe Watson kupoteza nishani hiyo. Tuongeze kwamba Croad alirudi Hawthorn kuanzia msimu wa 2004 baada ya misimu miwili tu Fremantle, na alikuwa uwanjani katika fainali ya 2008 hadi alipovunjika mguu. Siku hiyo Hawthorn ilikuwa na zamu ya kwanza, zamu ya 36, na mmoja wa wachezaji wawili iliowauza ili kuzipata zamu hizo, wote wakiwa wamevaa jezi moja.

Haki inataka nimtaje McPharlin, aliyebaki Fremantle hadi 2015, akawa beki wa kutegemewa na kuingia kikosi bora cha msimu wa 2012. Klabu hiyo haikutoka mikono mitupu. Ilipofika fainali yake ya kwanza kabisa mwaka 2013 yeye alikuwamo, na wapinzani walikuwa Hawthorn, wakiongozwa na Hodge, Mitchell akiwa katikati ya uwanja. Hawthorn ilishinda kwa 77 dhidi ya 62.

Zamu za chini za drafti ile zinaendelea kuisumbua kanuni ya kwamba wanaotajwa mapema ndio wazuri. Jimmy Bartel alichukuliwa na Geelong kwa zamu ya 8 na akatwaa Brownlow ya 2007. Dane Swan, zamu ya 58 ya Collingwood, aliipata ya 2011. Gary Ablett mdogo aliingia Geelong kwa zamu ya 40 kwa utaratibu wa mtoto kumfuata baba, ambao wakati huo ulidai zamu ya mzunguko wa tatu tu hata kwa kijana mwenye kipaji kikubwa namna gani, na akatwaa Brownlow ya 2009 na ya 2013. Geelong iliwapata pia James Kelly kwa zamu ya 17 na Steve Johnson kwa zamu ya 24, hivyo drafti moja ikaipa klabu moja wachezaji wanne wa timu iliyotwaa kombe la 2007. Upande wa pili wa mizani yupo Luke Molan, aliyechukuliwa na Melbourne kwa zamu ya 9, mara tu baada ya Bartel, na majeraha yakamzuia asicheze hata mechi moja ya AFL. Ninamtaja kwa heshima, kwa sababu kisa chake kinazuia hitimisho rahisi kwamba hofu ya majeraha ni uoga. Bega la Judd lilistahili kuogopwa kiasi. Tatizo ni kipimo cha hofu hiyo, na kama klabu ilimuuliza daktari swali mahususi au iliridhika na neno “ana majeraha”.

Kuna hatari moja ya Judd ambayo haikuwa mwilini. Alikuwa kijana wa Melbourne aliyepelekwa Perth, umbali wa bara zima, na mwishoni mwa 2007 aliomba kurudi nyumbani. West Coast ilimkabidhi kwa Carlton na kupata Josh Kennedy pamoja na zamu mbili, ikiwemo ya tatu katika drafti ya mwaka huo. Kennedy, mwenyeji wa Australia Magharibi, alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016 na akatwaa kombe la 2018. Kwa hiyo zamu ya tatu ya 2001 iliendelea kuilipa klabu hiyo miaka kumi na saba baadaye. Skauti wa klabu iliyo mbali na Victoria anapaswa kuandika umbali wa nyumbani kama anavyoandika urefu na uzito, na pia kuandika thamani atakayobaki nayo mchezaji akiamua kuondoka. Kipaji cha kweli huuzika, na hilo hupunguza hatari ya kumchukua.

Mfano wa baadaye unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki unaonyesha kuwa masomo hayo yaliingia katika kazi ya baadhi ya klabu. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto na kukutana na mchezo huu baada ya wenzake wengi waliouanza wakiwa wadogo kabisa. Sydney ilimchukua kwa zamu ya 44 katika drafti ya 2013, akitokea East Fremantle. Mchezaji wa namna hiyo akiwekwa kando ya kijana aliyelelewa na mpira huo, uzoefu wake mdogo utaonekana kuwa kasoro. Lakini ni kasoro inayopungua kwa kila mechi anayocheza, na nyuma yake kuna urefu na uwezo wa kuruka ambavyo havitatoweka. Ilichukua hadi 2016 aanze kucheza ligi kuu, akageuzwa kuwa beki anayenyakua mpira angani, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port Adelaide, aliingia katika kikosi bora cha msimu.

Kanuni ya umri nayo imebadilika. Leo kijana haingii kwenye drafti ya taifa mpaka awe anatimiza miaka 18 kabla ya mwisho wa mwaka huo, na mwaka mmoja wa ziada wa kutazamwa huwapunguzia maskauti sehemu kubwa ya kubahatisha. Kama ingekuwa hivyo mwaka 2001, Hodge, Ball, Ablett na Swan wasingekuwemo kabisa. Hawthorn ingekaa mezani na zamu ya kwanza mbele ya kundi ambalo Judd na Bartel walikuwamo, na jambo pekee la kuamua lingekuwa kama bega lile linatibika. Mitchell, aliyezaliwa 1982, bado angekuwa pale akisubiri zamu ya 36.